Uvimbe wa ovari wenye ute: kidole tumbo nacho kitolewe?

Mwanamke akipasuliwa kwa sababu ya uvimbe wa ovari, na uvimbe wenyewe ukakutwa umejaa ute mzito, daktari aondoe na kidole tumbo hapo hapo? Mimi nasema ndiyo, na sababu ninayo nyumbani.

Shangazi yangu alitolewa uvimbe wa ovari ya kulia. Majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, yakasema umeanzia kwenye ovari. Tukamshukuru Mungu. Baada ya miaka miwili gauni zikaanza kumbana tumboni huku mikono inazidi kukonda. Alipopasuliwa tena, tumbo lilikuwa limejaa ute wa njano, na kidole tumbo kimevimba na kupasuka. Nilisoma ripoti ya upasuaji wa kwanza mstari kwa mstari: kidole tumbo hakikutajwa popote.

Kidole tumbo kina seli zinazotengeneza ute. Zikiota uvimbe, ukapasuka, seli humwagika na kutua kwenye ovari, zikakua huko. Ultrasaundi inaonyesha ovari kubwa, kila mtu anaitazama hiyo, kumbe mzizi uko pembeni. Maabara inaweza kutofautisha kwa kupima protini za seli: CK20 na SATB2 huelekeza utumbo, kidole tumbo kikiwemo, CK7 kwa kawaida huelekeza ovari. Si kipimo cha kukata shauri peke yake, maana ute uliozaliwa ndani ya teratoma ya ovari, ule uvimbe wa nywele na meno, unaweza kufanana kabisa na wa utumbo.

*Jibu la daktari wa upasuaji:* Pole sana kwa shangazi. Lakini kidole tumbo kinachoonekana kizima, tafiti kadhaa zimekuta ni nadra kuwa na ugonjwa. Kukikata nako kuna hatari ya usaha. Kikiwa kimevimba au kina ute, hapo hatubishani.

*Mwenye mada:* Daktari, hapo umenirudisha nyuma, nakubali. Kizima kiachwe. Basi kiandikwe: kimeonekana, kimeshikwa, hakijavimba. Mgonjwa naye aelezwe kabla hajatia sahihi fomu ya ridhaa kwamba huenda kikatolewa. Na kinyama kitunzwe, kiweze kupimwa upya. Cha shangazi tulikifuata ili kilinganishwe na cha pili, tukaambiwa kimeshatupwa.