Wenye magari ya majitaka mnaomwaga kwenye mikoko huku Bagamoyo, TUMECHOKA!!

Wakuu naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenifika shingoni. Kuna magari ya kunyonya vyoo yanachukua mzigo kwenye mahoteli na nyumba za wageni huko mjini, usiku yanashuka nao huku kwetu pwani ya Mlingotini, wanaingiza bomba kwenye mikoko wanafungulia wanasepa. Asubuhi maji yakipwa tope lina mafuta juu, pedi zimenasa kwenye mizizi ya mikoko na makaratasi ya chooni, harufu inakufuata mpaka nyumbani. Na hapo hapo ndo mama zetu wanapita kwenda kufunga mwani, wanakaa kwenye maji ya kiunoni masaa kibao. Shangazi yangu miguu imemtoka vipele mpaka mapajani, anajikuna hadi damu, zahanati wamempa dawa ya kupaka wakamwambia asiingie maji machafu, sasa asipoingia atakula nini??

Halafu anatokea mtu anakwambia bahari ni kubwa itajisafisha. Jamani ile ni hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, siku za maji mafu mkondo hauna nguvu uchafu unazunguka mle mle. Chaza na kome wanakula kwa kuchuja maji, kilichomo kwenye maji ndo kimo tumboni mwao, na sisi tunawala. Vimelea vya kipindupindu vyenyewe vinaishi vizuri tu kwenye maji ya chumvi chumvi kama haya, watu wanajua na bado wanamwaga.

Na majirani pia niwaambie ukweli, wale mnaotapisha vyoo mvua za masika zikianza mnatuua vilevile. Huku pwani ukichimba kidogo tu umekutana na maji, mavi yako leo kesho yapo kisimani kwa mwenzio.

Kinachoniuma zaidi kutibu majitaka sio kazi ya kutisha. Ni mabwawa tu yanayofuatana, la kwanza lina kina, uchafu unazama unaoza huko chini, la pili ukijani unaota unatoa hewa kwa bakteria wanaomalizia uchafu, la tatu maji ni kina kifupi jua linaua vimelea, kama ardhi ina mteremko hata umeme huhitaji, inatakiwa eneo na watu wa kuzoa tope likijaa basi. Eneo lipo, viwanja vinapimwa na kuuzwa kila kukicha, sasa la mabwawa linakosekanaje?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na jirani yangu alibomolewa kibanda cha kukaangia samaki kwa hizo hizo mita 60. Kibanda cha makuti kimeonekana, lori zima la mavi linapita usiku halionekani!

Wenye mahoteli, msimlipe dereva hela yote mpaka alete risiti ya mahali alikomwaga. Hana risiti, jua mzigo wako uko kwenye miguu ya shangazi yangu.

Mwenye kujua utaratibu wa kupeleka malalamiko NEMC (baraza la taifa la mazingira) kwa maandishi aweke hapa leo, picha tunazo na namba za magari tunazo.