Vidonge vya majira: mume akiwa safari naendelea kumeza au naacha?

Mama Wawili
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada hasa wale mnaovitumia au mlioko kwenye mambo ya afya. Mume wangu ni dereva wa lori, anapiga Dar–Tunduma mpaka Lubumbashi huko, akitoka ni wiki tatu, foleni ya mpakani ikiwa mbaya hata mwezi. Mtoto wetu mdogo ana miezi minane, bado ananyonya, na sitaki kubeba mimba nyingine saa hizi. Zahanati wamenipa vidonge, kila pakiti ina vyeupe 21 na vya kahawia 7. Sasa jirani yangu anasema hivi unameza siku ambazo mume yupo tu, akisafiri unapumzisha mwili, na vile vya kahawia unatupa maana havina kazi, unasubiri damu ikatike ndo unaanza pakiti nyingine. Siku ile foleni ilikuwa kubwa nesi hakunielekeza sana. Je ni kweli? Na nikisahau inakuwaje?

Nesi wa Zamu
Dada yangu usifanye hivyo kabisa, jirani hana nia mbaya ila hapo ndipo wengi wanaposhika mimba halafu wanasema vidonge havifanyi kazi. Hivi vidonge havifanyi kazi kwa kumezwa siku ya tendo tu. Kazi yake kubwa ni kuzuia yai lisipevuke, na ili mayai yatulie unahitaji vidonge vyeupe siku 7 mfululizo. Sasa mume karudi Jumamosi na wewe umeanza Jumamosi, wala hauko hedhini, hapo bado huna kinga yoyote. Unameza kila siku, mume yupo hayupo, umeshiriki hujashiriki, saa ileile, tafuta kitu cha kukukumbusha mfano taarifa ya habari ya saa mbili au ukishamlaza mtoto.

Vile vya kahawia vina madini chuma ya kuongeza damu, ni kweli havizuii mimba, ila vinakushikia hesabu. Ukivitupa halafu unasubiri damu ikatike, wengine inakaa siku 8, 9, mwili unakaa muda mrefu bila vichocheo (homoni) vilivyo kwenye vyeupe na yai linaanza kukomaa. Mwanya wa kukaa bila vyeupe mwisho wake ni siku 7, usiuongeze hata kwa siku moja. Ukimeza cha kahawia cha mwisho leo, kesho ni cheupe cha kwanza cha pakiti mpya, hata kama damu bado inatoka. Kwa kweli kuchelewa kuanza pakiti ni hatari kuliko kusahau kimoja katikati na hili hatulisemi vya kutosha.

Kusahau sasa. Kimoja au viwili vyeupe, meza mara tu unapokumbuka hata ikibidi viwili siku moja, endelea, hakuna shida. Vikifika vitatu mfululizo, au pakiti mpya umeichelewesha siku tatu, meza kimoja hapohapo, endelea kila siku na mtumie kondomu siku 7. Kama vitatu hivyo ni vya wiki ya tatu, malizia vyeupe, achana na vya kahawia, unganisha pakiti mpya moja kwa moja. Na kama mlikutana ndani ya siku tano zilizopita wahi kituoni au duka la dawa uulizie P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, usikae kusubiri. Cha kahawia ukisahau tupa tu.

Ukitapika ndani ya masaa mawili baada ya kumeza, meza kingine.

Kunyonyesha: miezi minane ni sawa. Chini ya miezi sita tungekupa vile vya kichocheo kimoja. Ila je walikupima presha?

Binti wa Igunga
Mi nasikia vinarundikana tumboni mpaka unakuwa mgumba, dada angu aliacha kwa sababu hiyo

Nesi wa Zamu
@Binti wa Igunga havirundikani mdogo wangu, vinayeyuka kama panadol. Na ukiacha uzazi unarudi upesi, ndo maana ukiacha wiki tatu mume akiwa safari unakuwa hatarini.

Fundi Dawa
Niongezee ya dukani. Watu wanaogopa amoksilini na flagili, hizo haziharibu vidonge. Inayoharibu ni rifampisini ya TB, na dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, pia baadhi ya ARV. Ukiwa kwenye hizo sema mapema, sindano ya miezi mitatu au kitanzi vitakufaa zaidi. Na jamani msiazimane vidonge kama chumvi! Mwenye presha 140/90 kwenda juu, aliyewahi kuganda damu mguuni, anayeona mimetometo kabla kichwa hakijaanza kuuma, mvutaji sigara wa miaka 35 na zaidi, hao wasivitumie, kuna njia nyingine. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, au kichwa kikali ambacho hujawahi kukipata, acha na wahi hospitali.

Mama Wawili
Asanteni sana jamani. Presha walipima, 118 kwa 76. Nimeanza siku ya pili ya hedhi, kichefuchefu kinanisumbua na leo nimeona matone. Niache?

Nesi wa Zamu
Usiache. Ukianza ndani ya siku tano za mwanzo za hedhi unakuwa na kinga palepale. Matone na kichefuchefu ni kawaida miezi mitatu ya mwanzo, meza usiku baada ya chakula, na ukirukaruka siku za kumeza matone yanazidi.

Hawa K
Wifi na kondomu wekeni ndani, kidonge hakizuii VVU wala kaswende. Sisemi kitu kuhusu shemeji, ila mkapime wote akirudi, mimi na wangu ndo tunavyofanya na hakuna ugomvi.

Mama Wawili
Sawa wifi nitaongea naye. @Nesi pakiti hizi zikikaribia kuisha nirudi lini?

Nesi wa Zamu
Rudi ukiwa umeshika pakiti ya mwisho, usingoje iishe. Na hiyo siku uliza yote, foleni iwe kubwa isiwe kubwa, ni haki yako.