Mrejesho: taa zinazohisi mwendo na faragha ya nyumbani

Niliuliza iwapo taa zinazojiwasha mtu anapopita zinaweza kumpeleleza mwenye nyumba. Nawashukuru mlionijibu.

Kitambuzi chenyewe hakina kamera wala maikrofoni. Hupokea tu mabadiliko ya mionzi ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) itokayo mwilini, hivyo hakijui aliyepita ni mimi au mgeni. Tatizo liko kwenye kumbukumbu. Nilipofungua historia katika programu ya simu inayoendesha taa hizo, nilikuta mwendo umeandikwa ukumbini saa nane na dakika kumi usiku, kisha chooni, kisha ukumbini tena. Atakayesoma mistari ya namna hiyo kwa wiki moja atajua wenyeji hulala saa ngapi na nyumba hubaki tupu lini, na yote hayo yalikuwa yakipelekwa kwenye seva ya mtengenezaji.

Kwa hiyo nimefuata ushauri wa kuzihamishia taa kwenye kituo cha Zigbee (mawasiliano ya redio ya masafa mafupi kati ya vifaa vya nyumbani) kinachofanya kazi humu humu ndani bila intaneti, kisha nikafuta akaunti na programu yenyewe (ambayo, ajabu, ilikuwa na ruhusa ya kujua mahali nilipo). Taa zinawaka kama kawaida. Kilichopotea ni uwezo wa kuziwasha nikiwa safarini, nao sikuwa nikiutumia.