Siku nne naambiwa "futa kashe", kumbe ni mstari mmoja tu kwenye seva yao!

Wakuu, leo mnivumilie, yamenifika hapa.

Nimehamishia tovuti kwenye seva ya kampuni moja ya hosti. Mafaili yote yamepanda, index.php, ukurasa wangu wa mwanzo, ipo mahali pake. Nafungua anwani, nakutana na ukurasa wao: "Tovuti hii inakuja hivi karibuni". Nikimalizia anwani kwa /index.php, tovuti yangu inafunguka bila shida yoyote.

Hapo mtu anayelipwa kusimamia seva anahitaji nini zaidi? Ni DirectoryIndex, ule mstari wa mipangilio unaotaja faili la kufunguka kwanza! Mgeni akiomba folda bila kutaja faili, Apache (programu ya seva inayotoa kurasa) inapitia majina yaliyo kwenye mstari huo kwa mpangilio wake, la kwanza kupatikana ndilo linalotolewa. Wao wameacha index.html peke yake, halafu wakatupia index.html yao ya matangazo ndani ya folda yangu.

Nikafungua tiketi. "Futa kashe ya brauza", yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa humo. Nikafuta. "Jaribu kwa simu nyingine." Nikajaribu. Jibu la tatu: "Subiri DNS isambae, saa 48", yaani ule mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake. DNS gani jamani, wakati huo ukurasa ninaouona unatoka kwenye seva yenu hiyo hiyo?

Nikaona nijitibu mwenyewe. Ndani ya .htaccess, faili la mipangilio ambalo mteja huweka kwenye folda yake, nikaweka:

DirectoryIndex index.php index.html

Kimya. Nikaandika "asdfgh" juu kabisa ya faili hilo, maana uchafu kama huo kwa kawaida unakuletea kosa la 500 (hitilafu ya seva) papo hapo. Wapi! Ukurasa wa matangazo uleule. Yaani faili halisomwi kabisa, AllowOverride (mpangilio wa seva unaoruhusu .htaccess) ni None. Apache yenyewe imeweka hivyo tangu toleo la 2.3.9, sina ugomvi nalo. Ila kwa nini mwongozo wenu unawaambia wateja watumie .htaccess?

Siku ya nne fundi wao "akatatua". Alifuta index.html, basi. index.php hakuiongeza, na Options Indexes, ruhusa ya kuonyesha orodha ya mafaili, ilikuwa imewashwa. Kwa hiyo kila aliyeingia alipokelewa na "Index of /" na orodha ya mafaili yangu, ikiwemo chelezo.sql, nakala ya hifadhidata yangu, niliyosahau kuiondoa baada ya kuhama. (Hilo la chelezo ni uzembe wangu, msinirukie.) Usiku huo nimebadilisha nywila zote, moja baada ya nyingine.

Nikawaandikia hadi cha kunakili: ongezeni index.php kwenye DirectoryIndex, wekeni Options -Indexes kuzima orodha hiyo, basi. Jibu: "Tunafurahi kuona tatizo lako limekwisha. Tiketi imefungwa."

Nimeifungua tena. Mnaotumia nginx, programu nyingine ya seva, najua huko .htaccess haipo na autoindex (kuorodhesha mafaili) inakuja ikiwa imezimwa. Aliyehama kutoka Apache aje hapa anipe mwanga, maana hawa nawaaga wiki hii.