Mada: FPN (faini ya papo hapo) ya mbwa ufukweni. Je, inaandikwa kwenye AN (fomu ya kuomba uraia wa Uingereza)?

Kutoka: Mwana Tanga, Leeds
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wanajumuiya, salaam. Shikamooni wakubwa.

Naandika moyo ukiwa bado unanichemka. Tulikuwa likizo wiki moja katika mji mmoja wa pwani kule kusini-magharibi mwa England: mimi, baba watoto, watoto wawili na mbwa wetu Popi. Hela ya likizo hiyo tumeidunduliza tangu Januari. Kila alfajiri nilitoka na Popi, tukapita njia ya juu ya magenge, ile South West Coast Path, halafu tukateremka ngazi za mbao mpaka mchangani. Maji yamekupwa, mchanga umeacha mistari mistari kama wa Raskazone, hakuna mtu. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na saa ile moja ilinirudishia akili zote.

Siku ya nne nikamkuta bwana mwenye kamera kifuani. Akaniambia ufukwe huo mbwa haruhusiwi kuanzia 1 Mei mpaka 30 Septemba, ni PSPO, yaani amri ya kaunsili (halmashauri ya mji) juu ya maeneo ya umma. Nikamwambia sikuona kibao. Kibao kipo kweli, nilienda kukitazama baadaye, ila kimewekwa ngazi kuu karibu na maegesho. Ngazi nilizoteremkia mimi hazina hata karatasi. Akanipa FPN ya pauni 100 palepale. Popi alikuwa kwenye kamba, mifuko ya kinyesi ninayo, chipu anayo, kibati chenye jina na anwani kiko shingoni.

Maswali yangu ni mawili. Nina siku 14: nilipe au nibishe? La pili ndilo linaloninyima usingizi. ILR, ruhusa ya kuishi hapa bila kikomo, nilipata Septemba mwaka jana, nasubiri mwaka utimie nitume AN. FPN hii inaandikwa pale kwenye sehemu ya tabia njema au haiandikwi? Nisipoandika si wataniambia nimeficha?


Kutoka: Likoni, Reading
Jumatatu, saa 4:02 usiku

Dada pole sana. Usilipe hata senti. Mimi mwaka juzi nilibandikwa ya pauni 70 kwenye gari, nikapiga picha za alama zilizofutika, nikakata rufaa mara ya kwanza wakakataa, mara ya pili wakafuta. Hawa watu wanategemea woga wetu. Mgeni akiona karatasi yenye nembo analipa haraka. Bisha!


Kutoka: Ujiji, Aberdeen
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Kaka Likoni, unampoteza dada wa watu. Yako ilikuwa PCN, ile tozo ya maegesho, ambayo ina ngazi zake za rufaa. Yake ni FPN ya PSPO chini ya sheria ya 2014, na hiyo haina rufaa rasmi. Ukilipa ndani ya muda, hawawezi kukushtaki kwa kosa hilo. Usipolipa, wana haki ya kukupeleka mahakamani kwa mahakimu (magistrates), na huko faini inaweza kufika pauni 1,000. Hayo si mambo ya kumwambia mtu "bisha" kama mnabishania nauli ya daladala.

Anachoweza kufanya ni kuiandikia kaunsili kabla ya siku kwisha, aombe waiondoe, aambatanishe picha ya ngazi zile zisizo na kibao. Kanuni zinawataka waweke vibao penye eneo lenyewe. Dada, kama hukupiga picha, mtafute mtu aliye karibu akupigie.

Sisi huku Scotland PSPO hatuna. Tuna sheria ya ardhi ya 2003, unatembea karibu kila mahali na mbwa wako mradi umemdhibiti. Ila kinyesi ukikiacha ni pauni 80.

Nyote wenye mbwa, hili nawaomba mlishike. Baada ya dhoruba bahari hutupa mabonge meupe ufukweni, yanafanana na mshumaa uliovunjika. Ni mawese yaliyoganda, yanamwagwa na meli. Mbwa anayapenda mno, na yakiwa yamechanganyika na uchafu mwingine yanaweza kumuua. Mimi mtu wa Kigoma, mawese nimekulia nayo, mama alikuwa anakamua mwenyewe nyuma ya nyumba, lakini siku mbwa wangu alipolamba bonge lile hapa Balmedie sikulitambua kabisa. Tulikesha kwa daktari wa mifugo. Alipona.


Kutoka: Likoni, Reading
Jumanne, saa 2:40 asubuhi

Nimesahihishwa, PCN na FPN ni tofauti. Lakini ndugu yangu wa Ujiji, adabu haigharimu kitu. Nilimwambia abishe kwa sababu kibao hakikuwepo, na wewe mwenyewe umemwambia aandike barua. Kuandika barua si kubisha?


Kutoka: Mama wa Pangani, Leicester
Jumanne, saa 7:20 mchana

Mwanangu Mwana Tanga, pole. Nianze na AN kwa kuwa naona wanaume wamehamia kwenye sheria.

Mimi nilipata uraia 2019. Nilikuwa na FPN moja ya mwendo kasi na niliiandika. Hawakuniuliza chochote. Shoga yangu alikuwa nayo ya kutupa taka, hakuandika, naye alipata. Kwa hiyo wote wawili tulipita, na hapo sijui nikuambie lipi. Wakili wangu alinifafanulia kwamba FPN si hukumu ya mahakama, na kwamba wanaanza kukutazama vibaya ukiwa nazo nyingi au ukikataa kulipa mpaka ukashtakiwa. Ndiyo maana mimi ningelipa leo, risiti nikaiweka kwenye bahasha pamoja na karatasi za mtihani wa uraia, Life in the UK.

Lakini mwanangu, umeshalifikiria jambo lenyewe? Ukila kile kiapo, Tanzania umeivua. Mkenya ana uraia pacha tangu Katiba ya 2010, sisi hatuna. Siku nilipotoka kwenye sherehe na ile bendera ndogo mkononi nilikaa kituo cha basi nikalia. Nilizaliwa pale mto Pangani unapoingia baharini, na leo nikienda kumwona mama yangu naomba viza.


Kutoka: Nyali, London
Jumanne, saa 11:05 jioni

Assalaam aleikum. Nimesoma kwa makini, na nasema kwa nia njema. Hakuna aliyeuliza la kwanza: mbwa anafanya nini ndani ya nyumba zetu? Sie watu wa pwani tumelelewa tukijua kuwa mbwa ni najisi. Leo analala sebuleni, apelekwa likizo, alipiwa faini ambayo ingesomesha mtoto madrasa mwezi mzima. Tusiache kila kitu kwa sababu tumevuka bahari.


Kutoka: Mwana Tanga, Leeds
Jumanne, saa 12:30 jioni

Kaka wa Nyali, waaleikum salaam. Mimi ni Mlutheri, baba yangu Msambaa, na nyumbani tulikuwa na mbwa watatu. Mwanangu wa pili alikuwa haongei na watu mpaka Popi alipokuja. Naomba tubaki kwenye FPN.


Kutoka: Mzee wa Mkunazini, Cardiff
Jumanne, saa 5:48 usiku

Wanangu, aleikum salaam nyote.

Nyali, mie Mshafii kama wewe, na kwenye madhehebu yetu chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo silipingi. Lakini Wamaliki hawasemi kuwa mbwa mwenyewe ni najisi, na mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo ameruhusiwa kwetu sote. Usimfungie mwenzio mlango kwa neno moja.

Nikwambieni la kwangu. Jirani yangu ni bibi Mwelshi, mjane, miguu imemwisha. Ana mbwa mzee. Huu mwaka wa sita, kila asubuhi namtoa mbwa huyo, twenda kwa gari mpaka Penarth, twapita njia ya juu ya magenge mpaka Lavernock. Nashika kamba, na nguo za kutembelea nimezitenga na za kusalia. Pale Lavernock ndipo Marconi mwaka 1897 alipojaribu redio, ujumbe ukavuka maji kutoka kisiwa cha Flat Holm. Kila nikifika naikumbuka redio ya baba, kizingitini, Sauti ya Unguja ikisema, na majirani wamejaa barazani. Mbwa hukaa chini akaningoja. Anajua kuwa pale husimama.

Sasa lililonifanya niandike usiku huu. Nyote mwazungumza faini, hapana aliyetaja maji. Mwana Tanga, umesema ulikuwa ukiteremka mchangani maji yakiwa yamekupwa. Chini ya magenge, mwanangu, hapo ndipo watu wanapofia. Kwetu Unguja na Tanga bamvua, yale maji makubwa, ni kama mita nne. Huku kwenye mlango wa mto Severn hupata mita 14. Maji hayaji mbele yako tu ukayaona, hupitia mifereji ya pembeni, yakakuzunguka, ukageuka ukakuta ngazi zako zimeshamezwa. Morecambe Bay, kaskazini-magharibi mwa England, Februari 2004, Wachina zaidi ya 20 waliokuwa wakichimba kombe walikufa usiku mmoja, na wale hawakuwa watoto. Kabla hujateremka tazama jedwali la maji, jua saa ya kupwa, na anza kurudi kabla hayajageuka. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, ongeza hadhari. Mbwa akichukuliwa na wimbi usimfuate. Mara nyingi hutoka mwenyewe, anayekufa ni mwenye mbwa. Piga 999, uwaombe Coastguard, waokozi wa pwani.


Kutoka: Mwana Tanga, Leeds
Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Shikamoo Mzee. Nimekusoma mara mbili nikiwa kwenye basi. Nilikuwa natazama simu kujua hali ya hewa tu, maji sikuyatazama hata siku moja, na mimi ni mtoto wa mvuvi. Baba angenishangaa. Asante sana.


Kutoka: Ujiji, Aberdeen
Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Mzee wetu amenena. Nami naongeza lile la kamba ya mita 2. England, kuanzia 1 Machi mpaka 31 Julai, mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 kwa ajili ya ndege wanaotaga chini.


Kutoka: Mama wa Pangani, Leicester
Jumatano, saa 3:35 asubuhi

Ujiji, na wewe leo usahihishwe. Hiyo ni ardhi ya wazi ya sheria ya 2000, milimani na nyikani. Ukanda wa pwani una kanuni yake: mbwa awe chini ya udhibiti, na penye mifugo afungwe kamba. Tena penye kondoo usifanye mzaha, mkulima akimkuta mbwa anawasumbua sheria inaweza kumlinda hata akimpiga risasi.

Ila ng'ombe wenye ndama wakikujia mbio, achia kamba. Mimi na binti yangu tulifukuzwa Pembrokeshire, juu ya genge, nimeishika kamba kwa mikono miwili nikidhani namwokoa mbwa. Mzee mmoja akapiga kelele ng'ambo ya ua, "Achia!" Nikaachia. Ng'ombe wakamfuata mbwa, mbwa akapenya chini ya waya, sisi tukatokea getini. Ng'ombe walikuwa wanamtaka yeye, sisi tulikuwa njiani tu.


Kutoka: Likoni, Reading
Jumatano, saa 6:50 mchana

Mimi kinachoniuma ni kingine. Hapa mtu anakasirika kwa kuzuiwa miezi mitano, na kuanzia Oktoba ufukwe ni wake na mbwa wake. Nyumbani je? Nilipokuwa mdogo tulitembea kwa miguu kutoka Likoni mpaka mbali sana kusini, mchanga mtupu. Desemba nilipeleka watoto, tukafukuzwa na askari wa hoteli mbele ya maji ya Mungu. Watoto wangu wakaniuliza kwani bahari ni ya nani.


Kutoka: Mama wa Pangani, Leicester
Jumatano, saa 8:15 mchana

Na kwetu Tanzania hivyo hivyo. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ufukweni pasijengwe kitu cha kudumu. Nenda ukapime. Njia ya wavuvi tuliyopita na ndoo za samaki sasa ina ukuta wenye vipande vya chupa juu. Hilo ndilo la kuwaandikia wabunge, na sisi tulio nje kura hatuna.


Kutoka: Nyali, London
Jumatano, saa 2:20 usiku

Mzee wa Mkunazini, maneno yako nimeyapokea. Mwana Tanga, nisamehe, sikujua habari ya mtoto. Mwenyezi Mungu amfungue ulimi zaidi.


Kutoka: Mwana Tanga, Leeds
Alhamisi, saa 1:30 usiku

Kaka, yameisha. Amina.

Nimelipa leo mchana. Barua nimeituma pia na picha tatu, mwenye kijumba tulichopanga alikwenda kunipigia. Risiti ninayo.

Ila jamani, bado sijajua: kwenye AN naandika au siandiki? Mama wa Pangani aliandika akapita, shoga yake hakuandika akapita. Kuna mtu aliyetuma mwaka huu au mwaka jana, akiwa na FPN ya kaunsili, si ya gari? Na mwakani watoto wanataka tena bahari. Nani anajua mahali mbwa anakubalika mwaka mzima?


Kutoka: Ujiji, Aberdeen
Alhamisi, saa 2:05 usiku

Nenda Northumberland, dada. Kutoka Leeds si mbali sana, na fukwe ni ndefu, unatembea kutoka Craster mpaka ngome ya Dunstanburgh, mawimbi kulia, kondoo kushoto, kwa hiyo kamba usiiachie. Ukivuka kwenda kisiwa cha Holy Island soma saa za barabara, maji yakijaa inazama yote, na kila mwaka kuna magari yanayonaswa. Nikirudi zamu nitakutafutia ile nyumba tuliyokaa. Ina bomba la maji nje la kuoshea mbwa, na dirisha la jikoni linatazama baharini.