Binti yangu yuko Leeds, anataka kununua nyoka wa kufuga. Atamjuaje mzima?

BabaNeema_Uyole

Habari za jioni wanajukwaa. Nipo Uyole, Mbeya. Binti yangu wa kwanza anasoma Leeds, Uingereza, mwaka wa pili sasa. Jumapili alipiga simu ya video, tukasalimiana vizuri, halafu akasema, "Baba, nataka kununua nyoka." Mama yake aliinuka akaenda jikoni, hakurudi mpaka simu ilipokatwa.

Anasema ni nyoka wa asili ya Marekani, wanamwita nyoka wa mahindi, ana rangi ya chungwa, hana sumu, na kule wanauzwa madukani. Mwenye nyumba amekataa mbwa na paka, ila nyoka amemkubalia. Mwenzenu nimekulia Ileje. Kaka yangu aligongwa na kifutu tukivuna maharage, na mguu ule mpaka leo hauvai kiatu. Kwa hiyo nyoka ninayemjua mimi ni wa kukimbiwa.

Lakini binti ana miaka 21, pesa ni ya kibarua chake, na sitaki kumkatalia jambo nisilolijua. Naomba mwenye uelewa aniambie: ni kweli hana sumu? Na akifika dukani aangalie nini? Mimi nikinunua mtetea Mwanjelwa namfunua mbawa, natazama macho, nageuza nyuma kuona kama pamechafuka. Kwa nyoka mtu anatazama wapi?

mkulima_Mbozi

Mzee, mkatalie. Sumu si hoja. Siku akirudi likizo na picha hizo kwenye simu, mtaani watasema familia imefuga nyoka wa kuleta utajiri, na maneno hayo hayafutiki. Nakwambia kwa kuwa niliona nyumba moja huku kwetu ikitengwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Dada_wa_Kihesa

Shikamoo Baba Neema. Nilikaa Bradford, jirani kabisa na Leeds, miaka tisa nikihudumia wazee. Nyoka wa aina hiyo nimefuga wawili. Wa kwanza alikufa baada ya wiki sita. Wa pili niliishi naye miaka saba, nikamwachia rafiki niliporudi Iringa, na mpaka leo ananitumia picha zake.

Ni kweli hana sumu. Anakamata panya kwa kumzungushia mwili na kumbana. Akimuuma mtu ni mikwaruzo midogo kama ya miba ya waridi. Kwao ni kusini mashariki mwa Marekani, na alikuwa akionekana sana kwenye maghala ya mahindi, maana panya wako huko. Wengine wanasema jina limetokana na tumbo lake. Ukimgeuza unaona miraba myeusi na myeupe imepangana kama gunzi la mahindi ya kienyeji, yale yenye punje za rangi mbili. Mtu wa Ileje akiliona tumbo lile atajua mara moja ninachosema.

Sasa kununua. Mzee, unavyomkagua mtetea ndivyo hivyo hivyo.

Yule wa kwanza nilimpenda kwa rangi. Muuzaji alimtoa kwenye sanduku, akanipa, nikalipa. Usiku ule nilimwekea bakuli la maji, akaingia akajikunja humo, akakaa humo mpaka asubuhi. Nilidhani anafurahia. Nilipoinua bakuli nikaona vidoa vyeusi vinaelea, vidogo kama chenga za pilipili manga, na kimoja kilikuwa kinatembea kwenye kidole changu. Ni utitiri. Unajificha chini ya kidevu na kuzunguka macho, unamnyonya damu, na yeye anakimbilia maji ili apate nafuu. Hakuwahi kula kwangu hata mara moja. Nilipompeleka kwa daktari wa wanyama alikuwa amebaki uti wa mgongo umechongoka kama paa la nyumba. Nililia, na siwezi kusahau.

Kwa hiyo Neema amshike mwenyewe. Apitishe kitambaa cheupe cha karatasi taratibu mwilini na chini ya kidevu, kisha akitazame kama kina vidoa vyeusi. Achungulie bakuli la maji dukani. Ukiona utitiri kwa mmoja, usinunue hata wa sanduku la pili.

Mwili uwe mviringo, umejaa, bila uti kuchomoza na bila kibonyeo au kona yoyote kwenye mgongo. Nyoka mzima ukimshika anakushika na yeye, unasikia nguvu inapita mkononi, na ulimi unatoka na kurudi bila kukoma. Anayening'inia kama kamba, muache. Anayeinua kichwa na kutazama juu kama amepotea, muache pia. Pua na mdomo viwe vikavu. Povu, kamasi, mdomo kuwa wazi, au mlio wa kukoroma akipumua ni dalili za ugonjwa wa mapafu, ambao huwapata wakikaa kwenye baridi. Na tundu la haja liwe safi, kama la mtetea wako.

Macho yawe maangavu. Akiyaona yana ukungu wa bluu asishtuke, huyo anakaribia kujivua gamba. Ila asimnunue siku hiyo, arudi baada ya wiki mbili. Aangalie na ncha ya mkia: gamba la zamani likibaki pale limebana kama pete, ncha hufa.

Kubwa kuliko yote ni chakula. Kitoto kinachotoka kwenye yai kina urefu wa sentimita 25 hivi, na wengine hawaanzi kula kirahisi. Muuzaji mwaminifu ana kadi: tarehe gani alikula, tarehe gani alijivua. Neema asichukue ambaye hajala kwa hiari yake walau mara tano, na aombe kumwona akila panya mchanga wa kwenye jokofu aliyeyeyushwa. Muuzaji akikwepa ombi hilo, aage aondoke. Mimi sikuuliza.

Akishamfikisha nyumbani amwache wiki nzima bila kumshika. Kasha liwe na kifuniko cha kufunga, maana hupenya upenyo wa penseli. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 28 mpaka 30, mwingine kama 23, na kifaa cha joto kiwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Anawe mikono kila akimgusa, kwa sababu reptilia hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.

kijana_Njombe

Dada, mimi mdogo wangu yuko Atlanta, naye ameanza maneno hayo hayo. Na hapa kwetu mtu akiokota wa porini?

Dada_wa_Kihesa

Mwambie asubiri. Atlanta iko Georgia, na kwa kuwa nyoka huyo ni wa porini kwao pale, sheria ya jimbo hairuhusu kumfuga nyumbani. Na wa kwetu usiguse, mdogo wangu. Ana sumu au hana, ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali.

BabaNeema_Uyole

Marahaba binti yangu, Mungu akubariki. Pole kwa yule wa kwanza. Je, anaishi muda gani? Na akimaliza masomo anaweza kuja naye?

Dada_wa_Kihesa

Miaka 15 hadi 20, wengine zaidi. Hilo ndilo ningemwuliza kabla ya rangi. Kumleta ni vibali vya pande zote mbili, na ndugu wa Mbozi hajakosea kuhusu majirani. Mimi nilimwacha. Neema atafute sasa hivi mtu wa kumwachia, na kama hana, asinunue.

BabaNeema_Uyole

Nimemtumia yote. Amejibu kwamba mwenzake wa chumba, mwenyeji wa Leeds, atamchukua siku ikifika. Dukani wanakwenda Jumamosi, na hiyo kadi ya chakula ameshaiulizia kwa simu. Mama yake ameyasoma haya mara mbili. Amesema Jumamosi atakaa kwenye simu, ila aonyeshwe tumbo kwanza, kichwa baadaye.