Sahihi kwenye vinyago: muhuri wa moto, herufi za kugonga au kuchonga kwa mkono?

MtotoWaNewala
Wakuu habari za mchana. Naomba ushauri wa haraka. Nachonga vinyago, huu mwaka wa sita, na sijawahi kuweka jina chini ya kazi yangu hata moja. Sasa nimepata oda ya vipande 40 na mteja anataka kila kimoja kiwe na sahihi. Njia nilizoziona ni hizi: kutengenezewa muhuri wa chuma wa kuchoma kwa moto (fundi wa kuchomelea hapa jirani kaniambia elfu 60), kununua seti ya herufi za kugonga, zile makenika wanazogongea namba kwenye vyuma, au kalamu ya umeme ya kuchomea. Ipi itanifaa? Kesho kutwa nakwenda Kariakoo, nataka nirudi nayo.

FundiTezo
Mti gani?

BintiWamunyu
Na ukubwa je? Hapo chini pana nafasi ya kuandika jina zima ama ni herufi mbili tu?

MzeeWaMsasa
Kijana, umetuuliza dawa bila kututajia ugonjwa. Sema mti, sema kitako kina upana gani, sema unamalizia na nini: nta, kiwi au vanishi. Bila hayo kila mtu atakusifia kile alicho nacho nyumbani kwake.

MtotoWaNewala
Samahanini wakuu, na shikamoo mzee. Vipande 28 ni mpingo, 12 ni mninga. Vya mpingo ni ujamaa wadogo, yaani watu waliobebana kwenye gogo moja, urefu kama sentimita 25, kitako ni upana wa kiganja cha mtoto. Namalizia kwa nta.

FundiTezo
Basi muhuri wa moto kwa mpingo sahau. Unachoma cheusi juu ya cheusi, utasoma nini? Mimi nilijaribu. Chuma kilikuwa chekundu kabisa, nikabonyeza sekunde tatu, nikapata kivuli tu, lazima ukigeuzie kinyago dirishani ndiyo ukione. Kesho yake kuna ufa mwembamba kama unywele umeanzia kwenye herufi ukapanda hadi mguuni. Mpingo haupendi joto la ghafla. Kwa mninga hapo sawa, moto unatoka safi, rangi ya kahawa iliyokolea, wala haufutiki.

Kama vinyago vyako vina ule weupe wa pembeni ya gogo umebaki chini, choma hapo. Utaonekana vizuri.

KijanaWaMwenge
Herufi za kugonga, mkuu, usihangaike. Natumia tangu 2015. Nunua za milimita 4, seti ina vipande 27. Weka kinyago kichwa chini juu ya gunia la mchanga ili kisirukeruke, shika herufi wima, gonga MARA MOJA. Ukigonga mara ya pili herufi inajirudia, inaonekana kama umeandika ukiwa na homa. Kitakoni nyuzi za mti zimesimama, kwa hiyo chuma kinaingia bila kupasua. Ubavuni usithubutu.

MzeeWaMsasa
Marahaba. Mimi sikubaliani na chuma wala moto. Mtu aliyechonga wazee kumi na wawili wamebebana kwenye gogo moja anashindwaje kuchonga herufi tatu? Nina kipatasi nilichokifua mwenyewe kutoka spoki ya pikipiki, ncha nimeinoa ikawa kama kinywa cha ndege. Naandika baada ya msasa wa mwisho, kabla ya nta. Kata mpya kwenye mpingo inakuwa ya kijivu kidogo, halafu najazia chokaa iliyochanganywa na gundi nyeupe, ikikauka napitisha msasa laini. Jina linabaki jeupe juu ya cheusi. Nta ipake pembeni tu, kwenye herufi usiguse. Na huo mwandiko ni wangu. Seti ya vipande 27 wanayo watu wote Kariakoo.

KijanaWaMwenge
Mzee kwa heshima zote, vipande 40? Atamaliza lini?

MzeeWaMsasa
Dakika tano kila kimoja. Umepiga msasa siku mbili, dakika tano zinakuuma nini?

BintiWamunyu
Kwetu wengi tunatumia namba. Marehemu baba alikuwa mwanachama wa ushirika wa wachongaji Mombasa, kila mtu na namba yake, ndiyo inaandikwa chini. Kipande kikiuzwa dukani, karani anaangalia namba, pesa inaandikiwa mwenyewe. Hakuna kugombana nani alichonga twiga yupi. Baba alisomesha watoto watano kwa namba hiyo, na mpaka leo nikiona kinyago popote nakigeuza nione chini.

FundiTezo
Dada, namba ni nzuri kwa hesabu za ndani ya ushirika. Mteja akifika nayo nyumbani kwake Ujerumani haimwambii kitu. Mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa anatajwa hadi leo kwenye vinyago vya shetani, vile vya maumbo ya mizimu, kwa sababu watu walilishika jina.

BintiWamunyu
Jina ni la sifa, namba ilikuwa ya unga. Mimi sioni ubaya mtu akiweka zote mbili.

KakaWaLindi
Nisikilizeni kidogo, maana mnabishana kuhusu kifaa, na mimi yamenikuta ya kufutwa jina.

Mwaka juzi niliuza vipande 34 kwa duka moja la mjini, silitaji. Vyote niliandika jina kitakoni kwa kalamu ya kuchomea, mninga na mkongo. Baada ya miezi kama sita napita pale, naona kinyago changu dirishani. Nilikijua kwa mtoto wa mgongoni: huwa namchonga ameshika sikio la mama yake, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nikaomba nikishike, nikakigeuza. Kitako kimepitishwa mashine ya msasa, kimelainika kabisa, katikati kuna stika ya dhahabu yenye jina la duka. Bei ni mara saba ya niliyolipwa. Nikageuza cha pili, cha tatu, vyote hivyohivyo. Muuzaji akaniambia, "Wewe si ulishauza?" Nikatoka. Kilichoniuma si bei. Yule mtalii akitaka kingine hatajua kama nipo duniani.

Tangu siku ile naweka alama mbili. Jina kitakoni, halafu mikato mitatu midogo nyuma ya kisigino cha mzee wa chini kabisa, ndani, mahali ambapo mashine ya msasa haifiki. Wakitaka kuitoa hiyo lazima waukate mguu.

KijanaWaMwenge
Pole sana kaka. Hili la kisigino nalichukua.

FundiTezo
Pole. Ila ujue kuuza kinyago si kuuza haki yako ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda na sanaa za uchongaji, na jina lako kutajwa ni sehemu ya haki hiyo.

KakaWaLindi
Sheria naijua mkuu. Nauli ya kwenda na kurudi kwenye kesi je?

MzeeWaMsasa
Na kuna wanaopaka kiwi mti mweupe wakauita mpingo. Wenye mpingo wa kweli tuandike na jina la mti.

BintiWamunyu
Hiyo inafaa hata safarini. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Bidhaa zilizomalizika zisizozidi kilo 10 kwa mzigo hazihitaji kibali, lakini ofisa akiuliza huo ni mti gani, ni vizuri uwe na jibu lililoandikwa.

KijanaWaMwenge
Swali langu: mpwa wangu ndiye anayepiga msasa na nta, wiki nzima mikono inamvimba. Jina lake liende wapi? Mimi nimeanza kuweka herufi yake ndogo pembeni ya yangu.

MzeeWaMsasa
Hapana. Msasa ni kazi ya heshima, mlipe vizuri. Jina ni la aliyeliona umbo ndani ya gogo.

KijanaWaMwenge
Bila yeye umbo hilo lingebaki na makovu ya tezo, mzee.

MtotoWaNewala
Asanteni wote. Muhuri wa moto nitautengeneza kwa ajili ya ile 12 ya mninga, hapo sina wasiwasi. Kwa mpingo bado nasitasita kati ya kugonga na kuchonga. Nitajaribu zote kwenye vipande vilivyobaki.

FundiTezo
Mteja kasema anataka jina kamili au alama tu?

MtotoWaNewala
Hakusema. Nimemtumia ujumbe leo asubuhi, hajajibu.

MzeeWaMsasa
Basi Kariakoo ingoje kwanza ajibu.

KakaWaLindi
Mzee, hiyo spoki ya pikipiki uliifua kwa moto wa mkaa au uliinoa tu kwa tupa?